Nguzo ya Umeme na Deni la Jirani

Masumbwe ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Ushirombo, na kutoka huko hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Kwa utawala, mji huu umehama mara kadhaa bila kusogea hata hatua moja. Uliwahi kuwa katika Wilaya ya Kahama, kisha Bukombe, zote za Mkoa wa Shinyanga. Na tangu mwaka 2012 umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Wenyeji wake wa asili ni Wasumbwa, na pamoja nao wanaishi Wasukuma wengi na watu wa makabila mengine waliovutwa na ardhi, biashara na dhahabu. Hapa hulimwa mpunga, mahindi, pamba na tumbaku. Na katika maduara ya dhahabu wachimbaji wadogo hushuka chini kila siku kutafuta riziki ambayo haina uhakika.

Mtu apitaye vitongoji vya mji kama huu usiku huona jambo ambalo mchana halionekani. Nyumba mbili zimesimama jirani. Katika moja taa ya umeme inawaka, redio inasema, na watoto wamekaa mezani na madaftari yao. Katika nyingine kuna mwanga mwekundu wa koroboi, na moshi wake umeandika alama nyeusi ukutani. Umbali kati ya milango hiyo miwili ni hatua ishirini, na nguzo ya umeme imesimama katikati. Waya umetoka kwenye nguzo hiyo ukaenda upande mmoja tu.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama nguzo hiyo kwa jicho la maadili. Wataalamu wameandika mengi juu ya nguvu ya umeme, upotevu wake njiani, na gharama za kuusambaza. Hayo ni mambo ya lazima, na tutayagusa. Lakini liko swali lililo chini yake ambalo fundi hawezi kulijibu kwa vyombo vyake. Serikali inapolipa sehemu kubwa ya gharama ili mwananchi aunganishiwe umeme kwa fedha kidogo, je, mwananchi huyo amepewa nini? Amefanyiwa hisani? Amepewa haki yake? Au amekopeshwa? Na kama amekopeshwa, mkopeshaji ni nani, na deni litalipwaje?

Hatuwezi kulijibu swali hilo kwa kuanzia kwenye nguzo ya leo. Hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Nchi yetu ilipopata uhuru, umeme ulikuwa kitu cha mijini, cha viwandani na cha mashambani mwa walowezi. Bwawa la Hale katika Mto Pangani lilianza kuzalisha mwaka 1964, na Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu mwaka 1975. Kazi hizo zilikuwa kubwa, na taifa lilijivunia kuwa nazo. Lakini nyaya zilizotoka kwenye mabwawa hayo zilikimbilia Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na miji mingine, zikipita juu ya vijiji vingi bila kusimama. Mkulima aliyekuwa akipalilia chini ya nguzo zile ndefu za chuma alizijua kwa kivuli chake tu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililisema jambo hili waziwazi. Lilieleza kuwa taa za umeme, mabomba ya maji, barabara za lami na hospitali kubwa vilikuwa mijini. Kwamba vingi vilijengwa kwa mikopo. Na kwamba mikopo hiyo ingelipwa kwa fedha za kigeni zitokanazo na mazao ya mkulima. Kwa hiyo Azimio lilionya kuwa iwapo hatutajihadhari, wakazi wa mijini watakuwa wanyonyaji wa wakulima. Onyo hilo lilihusu sana watu wa Shinyanga na Mwanza, kwa kuwa pamba yao ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyoliletea taifa fedha za kigeni. Mkulima wa pamba aliyevuna kwa mikono, akafunga mizigo yake, akaipeleka kwenye chama cha ushirika, alikuwa mmoja wa walipaji wa taa zilizowaka katika miji ambayo hakuwahi kufika.

Baadaye ikaja migodi mikubwa. Mgodi wa Geita ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2000 ulijizalishia umeme wake wenyewe kwa mitambo ya dizeli. Na mwaka uliofuata Bulyanhulu nao ukaanza kazi. Kwa miaka mingi watu wa ukanda huu waliona usiku mwanga mweupe ukipanda angani juu ya vilima, nao wenyewe wakiwa gizani. Dhahabu ilikuwa chini ya ardhi yao, na mwanga ulikuwa juu ya vichwa vyao, lakini nyumbani kwao hakikuingia hata kimoja.

Tukiyakumbuka hayo, tutaona kuwa ruzuku ya umeme wa vijijini haikuanza kama zawadi ya mji kwa kijiji. Ilianza kama malipo ya deni la zamani. Anayelipwa deni hana sababu ya kupiga magoti, na anayelilipa hana sababu ya kujisifu. Hilo ni la kwanza, na ni vema likae wazi kabla hatujaendelea.

Sasa tutazame malipo hayo yamefanywaje. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Mpaka wakati huo gharama ya kuunganishiwa umeme ilikuwa ukuta. Mwanzoni mwa mwaka 2013 gharama ya mteja wa kijijini aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo ilishushwa kutoka shilingi 455,108 hadi 177,000. Na kwa wateja wa miradi ya Wakala, malipo yakawa shilingi 27,000 tu. Tarakimu hiyo imeingia katika lugha ya wananchi. Leo ukisema "umeme wa elfu ishirini na saba" hakuna atakayeuliza unasema nini. Wakala umetangaza kuwa vijiji vyote vya Tanzania Bara, ambavyo ni zaidi ya 12,300, vimefikiwa, na sasa kazi imehamia kwenye vitongoji.

Fedha za kazi hii zimetoka wapi? Sehemu imetoka katika bajeti ya Serikali na kwa wafadhili wa nje. Lakini sehemu nyingine imetoka kwa wananchi wenyewe, kwa njia ambayo wengi hawaijui. Kila anunuaye umeme hukatwa asilimia 3 kwa ajili ya Mfuko wa Nishati Vijijini. Na katika bei ya mafuta iliwekwa tozo kwa ajili ya Mfuko huohuo. Tozo hiyo ikawahusu wanunuzi wa petroli, wa dizeli, na wa mafuta ya taa pia.

Tunaomba msomaji asimame kidogo katika neno hilo la mwisho. Mafuta ya taa hununuliwa na nani? Hununuliwa, zaidi ya wengine wote, na yule asiye na umeme. Tumfikirie bibi mmoja wa kitongojini, ambaye nyumba yake ni ile ya pili katika mfano wetu. Kila alipompeleka mjukuu wake dukani na chupa tupu ili apimiwe mafuta ya koroboi, tone moja la fedha yake lilikwenda katika Mfuko. Matone mengi ya namna hiyo, pamoja na ya wenye magari na ya wenye viwanda, yakanunua nguzo. Nguzo ikaja ikasimama mbele ya mlango wake. Na waya ukaenda kwa jirani.

Hapo ndipo swali letu linapopata uzito wake. Jirani yule aliyeunganishwa kwa shilingi 27,000 anaweza kudhani kuwa amepewa na Serikali, naye hana deni kwa mtu. Lakini Serikali haina shamba wala kisima cha fedha. Ina mikono tu ya kupokea kwa wengi na kuwapa wengine. Kilichopita katika mikono hiyo kilitoka kwa jamii nzima, naye bibi wa koroboi alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo aliye katika mwanga amekopeshwa na walio gizani.

Kabla ya kuona deni hilo linatudai nini, yatupasa tujiulize kwa nini bibi hakuunganishwa, ingawa bei ilishushwa kiasi hicho.

Sababu ya kwanza ni kuwa bei ya nguzo na bei ya umeme ndani ya nyumba ni vitu viwili. Zile shilingi 27,000 hufikisha waya na mita. Hazitandazi nyaya ndani. Kazi ya kutandaza nyaya, ambayo mafundi huiita wayaringi, pamoja na swichi, taa na malipo ya fundi, huweza kuzidi mara kadhaa fedha ya kuunganishwa. Ili kupunguza mzigo huo kilibuniwa kifaa kidogo kiitwacho UMETA, yaani umeme tayari, ambacho huwezesha nyumba ndogo kupata taa na soketi bila kutandazwa nyaya chumba kwa chumba. Ni fikira njema, nayo inastahili kuenezwa. Lakini yafaa tukubali kuwa ruzuku inayotolewa mlangoni humfaa kwanza yule ambaye nyumba yake iko tayari: mwenye bati, mwenye kuta imara, mwenye akiba. Mnyonge kabisa, ambaye kwa ajili yake ruzuku ilitungwa, hufika mwisho wa foleni.

Sababu ya pili ni matumizi. Mita ya LUKU ni mwalimu mkali. Jina lake lenyewe ni amri ya kulipa umeme kadiri mtu anavyoutumia. Ni kweli kwamba bei zilizowekwa mwaka 2016 ziliwahurumia wadogo, kwani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Hata hivyo, anayepata fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, au anayepata leo na kukosa wiki tatu kama mchimbaji wa duara, huweza kuwa na mita ukutani na giza chumbani. Mita hiyo imehesabiwa katika takwimu za maendeleo, ilhali mwenyewe amerudi kwenye tochi.

Jirani zetu wa Kenya walilichunguza jambo hili kwa makini. Watafiti Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifanya jaribio katika kaunti za magharibi, Busia na Siaya, katika jamii 150 zilizokwisha kupata transfoma. Baadhi ya kaya zilipewa ruzuku ya gharama yote, nyingine sehemu, na nyingine hazikupewa kitu. Waliopewa gharama yote waliungwa karibu wote. Waliotakiwa kulipa bei kamili ya wakati ule, shilingi 35,000 za Kenya, walikuwa wachache mno. Na walipopimwa baada ya miezi 16, na tena baada ya miezi 32, maisha ya walioungwa hayakuonekana kutofautiana sana na ya majirani zao kwa kipato, afya wala masomo. Walitumia umeme kidogo sana, kwa taa, simu na redio. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020.

Kwa upande mwingine tunayo habari ya Afrika Kusini. Taryn Dinkelman alichunguza vijiji vya KwaZulu-Natal vilivyopelekewa umeme baada ya ubaguzi wa rangi kuangushwa, na mwaka 2011 alichapisha kuwa ajira ya wanawake iliongezeka katika vijiji hivyo. Alieleza kuwa umeme uliwapunguzia wanawake saa za kuni na jiko, nao wakapata nafasi ya kufanya kazi ya kuwapatia fedha.

Mtu akizisoma habari hizi mbili kwa haraka atasema zinapingana. Sisi tunaona zinasema jambo moja. Umeme haumbadilishi mtu kwa kumfikia. Humbadilisha anapoweza kuutia kazini. Pale ambapo mwanamke aliweza kupikia na akapata kazi ya kwenda, umeme ulimfungua mikono. Pale ambapo hakukuwa na chombo cha kuchomeka wala kazi ya kufanya, waya ulibaki pambo la ukuta.

Tukirudi Masumbwe, jambo hili tunaliona bila kutafuta kitabu. Waliofaidika upesi na umeme ni wenye kazi inayouhitaji: mwenye mashine ya kukoboa mpunga aliyeachana na injini ya dizeli, fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi, mwenye friji ya soda na maziwa, na mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, ikiwa waya umemfikia. Zahanati nayo, muuguzi wa zamu akiwa na taa, humpokea mzazi usiku bila kushika tochi kwa meno. Hizi ni faida za kweli, wala hatuzidharau. Tena faida ya mashine ya kukoboa humfikia hata asiye na umeme, maana bibi wa koroboi naye hula mchele.

Lakini jikoni hali ni ileile. Waya uliofika sebuleni haujafika kwenye mafiga. Nyumba yenye taa na nyumba yenye koroboi zote hupikia kuni na mkaa. Kwa watu wa Shinyanga hili ni jambo zito, kwa sababu wao wanajua nchi kupoteza miti maana yake ni nini. Ilibidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ili kuirudishia nchi iliyokuwa inageuka jangwa uoto wake; na mradi huo ulifanikiwa kwa sababu uliufufua utaratibu wa ngitili, ambao Wasukuma waliujua tangu zamani wa kuyatenga malisho ili yapumzike. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Mpaka hapo mkakati huo utakapofika kwenye mafiga, mwanamke anayeitwa mteja wa umeme ataendelea kubeba kuni kichwani akipita chini ya nyaya.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, ruzuku hii ni hasara, fedha zipelekwe kwanza kwenye barabara na viwanda, na umeme wa nyumbani usubiri watu watajirike. Hoja hiyo haikosi akili, kwa kuwa fedha ya umma ni chache, na shilingi iliyonunua nguzo haikununua dawa. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, wanaoitoa kwa kawaida huandika chini ya taa. Na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pili, inasahau deni la kwanza tulilolitaja. Mdai hawezi kuambiwa kuwa hatalipwa mpaka athibitishe kwamba fedha yake ataitumia kwa faida kubwa. Kinachostahili kuulizwa ni namna ya kumlipa ili malipo yamfae.

Wapo pia watakaosema kinyume: kila kitu kiwe bure, waya, nyaya za ndani, mita na uniti. Kwa hao tuna somo la maji. Mwaka 1971 tulijiwekea mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake, kwa gharama ya Serikali. Lilikuwa lengo tukufu, na visima na mabomba mengi yalijengwa. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa halijatimia. Mahali pengi pampu zilikuwa zimesimama kwa kukosa dizeli, vipuri na mtu wa kuzitunza. Kosa halikuwa katika kuwapenda wananchi. Kosa lilikuwa katika kuwafanya wawe wapokeaji tu wa kitu ambacho hawakuhesabu kuwa ni chao. Kisima cha Serikali kikiharibika, Serikali ndiyo ingoje kukitengeneza.

Kati ya njia hizo mbili, ile ya kumnyima maskini mpaka atajirike na ile ya kumpa bila kumhusisha, watu wa nchi hii walikwisha kujua njia ya tatu zamani za kale. Kwa Kisukuma huitwa elika. Elika ni kundi la majirani au vijana wanaolima pamoja. Leo hulima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa wiki mbili inakwisha kwa siku moja. Aliyelimiwa kwanza hasemi amepewa zawadi, wala hasemi shamba lake limelimwa kwa akili zake. Anajua anadaiwa, na anajua anadaiwa nini: mikono yake, katika shamba la kila mwenzake, mpaka zamu iishe. Na atakayelimiwa mwisho hana wasiwasi, kwa sababu wote waliotangulia ni wadeni wake.

Huu ndio utamaduni tunaopaswa kuuweka ndani ya neno "ruzuku". Ruzuku ya umeme ni elika ya taifa. Wengine wamelimiwa mapema, wengine wangali wanangoja. Jambo la aibu katika elika halikuwa kulimiwa kwanza, maana lazima mtu awe wa kwanza. Aibu ilikuwa kulimiwa, kisha kulala nyumbani siku ya zamu ya mwenzio.

Sasa tunaweza kusema deni lenyewe linadai nini, na kwa nani.

Serikali na vyombo vyake wanadaiwa hesabu ya kweli. Kijiji kufikiwa, kitongoji kufikiwa, nyumba kuunganishwa, na mtu kuutumia umeme kwa faida yake, ni mambo manne, wala si halali kulihesabu la kwanza na kuliita la nne. Aidha, wanadaiwa kuipeleka ruzuku kwa aliye mwisho: kumtandazia nyaya asiyeweza, kumpatia UMETA mwenye nyumba ndogo, na kuufikisha umeme mahali unapogeuka kuwa kazi, yaani kwenye mashine, kwenye mwalo na karasha la wachimbaji wadogo, na kwenye jiko la mama.

Aliye katika mwanga naye anadaiwa, na hapa ndipo mara nyingi tunapojisamehe. Jirani anapoomba waya upite juu ya kiwanja chako ili ufike kwake, usimdai fidia ya hewa. Waya wako nao ulipita juu ya viwanja vya wengine. Anayeona mafuta ya transfoma yanaibwa usiku akanyamaza kwa sababu si yake, ameiba pamoja na mwizi. Anayeupita mkono mita ili atumie bila kulipa hamwibii Serikali pekee, bali anachota katika chupa ya bibi wa koroboi. Na mtoto wa jirani ajaye jioni na daftari lake, akasimama mlangoni akiona haya kuingia, yafaa akaribishwe kama mdai anayekuja kupokea riba yake kidogo.

Hapo zamani, jioni, Wasukuma walikuwa na shikome, moto uliowashwa uani ambapo wazee na vijana walikaa, na mambo ya ukoo, ya mifugo na ya adabu yakafundishwa. Hakuna aliyeuliza kuni ni za nani. Taa ya umeme imewaingiza watu ndani, kila mmoja chini ya bati lake, kila mmoja na televisheni au simu yake. Hatusemi turudi kwenye moto. Umeme ni bora kuliko moshi, na mtoto anayesoma chini ya taa haharibu macho yake. Tunasema tu kuwa mwanga uliogharimiwa na wengi ukifungiwa na mmoja, tumepata taa tukapoteza shikome, na mwanafalsafa wa kijijini atatuuliza kama biashara hiyo ilikuwa ya haki.

Na yule aliye gizani, je, yeye ana wajibu gani? Wajibu wake ni kujua kuwa yeye ni mdai, si mwombaji. Asimame katika mkutano wa kijiji aulize zamu yake ni lini, kama mwanaelika anavyouliza. Mtu asiyejua haki yake hushukuru kwa makombo, na shukrani ya namna hiyo huwapotosha hata wale wanaoipokea.

Leo taifa letu lina umeme kuliko wakati wowote uliopita. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, ilhali Kidatu, lililokuwa fahari ya kizazi kilichotangulia, lina megawati 204. Kwa hiyo hatutaweza tena kusema kuwa giza la vitongojini linatokana na uhaba wa maji mabwawani. Kilichobaki ni mwendo mfupi sana: hatua zile ishirini kutoka kwenye nguzo hadi mlango wa pili. Kwa waya, umbali huo ni kazi ya nusu siku. Kwa maadili, umbali huo ndio kipimo cha taifa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Bibi yule amekwisha kutoa sehemu yake, tone kwa tone, kwa miaka mingi, bila risiti. Zamu yake imefika. Na sisi tuliolimiwa kwanza tuchukue majembe yetu.